Episodi Nane? Nani Kakwambia?

Nimeisikia tena wiki hii, na safari hii haikutoka kwa mtazamaji. Imetoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kuamua tamthilia ipi ipate fedha na ipi irudi kabatini. Msimu mzuri ni episodi nane, anasema, kinachozidi hapo ni kujaza tu. Alilisema hilo kama mtu anayetaja nyuzi joto za maji kuchemka. Hakuna aliyembishia. Hata mimi nilinyamaza, kwa sababu kulikuwa na mkataba mezani, kwa hiyo nabishia hapa.

Mimi ni mhariri wa miswada. Nakaa na waandishi kabla kamera haijawashwa, nauliza maswali ya kukera, nabandua kadi za matukio walizobandika ubaoni kwa mapenzi makubwa. Nane naisikia kila upande. Waandishi chipukizi wananiletea pendekezo ambalo ukurasa wa kwanza umeandikwa "Msimu wa 1, episodi 8" kabla mhusika mkuu hajapata hata jina. Ukiwauliza kwa nini nane, wanakutazama kana kwamba umeuliza kwa nini wiki ina siku saba. Zamani walikuwa wakija na 13 kwa uhakika uleule. Kabla yao, wakubwa zao waliapa kwa 22. Kila zama na nambari yake takatifu, na kila nambari ina watetezi wanaokula kiapo kwamba ilishushwa na sanaa yenyewe.

Haikushushwa na sanaa. Ilitoka kwenye kalenda na kwenye daftari la mhasibu.

Hili nalipita haraka maana halina siri. Mwaka una wiki 52, gawanya kwa nne upate 13. Hiyo ndiyo bibi wa nambari zote za televisheni ya Marekani: robo ya mwaka. Miaka ya 1950 msimu mara nyingi ulikuwa wa episodi 39, robo tatu za mwaka, na robo iliyobaki ikajazwa marudio. Kichekesho cha I Love Lucy kilitoa 35 katika msimu wake wa kwanza, 1951 hadi 1952. Gharama zikapanda, idadi ikashuka mpaka 22 ikazoeleka: kituo kinaagiza 13, kikiona watazamaji wapo kinaongeza tisa. 13 na 9 ni 22. Usanii wenyewe ndio huo. Kisha kulikuwa na 100, nambari ambayo kila mtayarishaji aliiota usiku, kwa sababu fedha nono zilikuwa kwenye marudio: vituo vingine vinanunua tamthilia nzima na kuirusha kila siku ya kazi, na episodi 100 zinatosha wiki 20 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ukitengeneza 22 kwa mwaka unazifikia ndani ya msimu wa tano. Ukitengeneza nane utazifikia msimu wa kumi na tatu, wakati yule mtoto wa kwenye tamthilia ana wajukuu.

Kwingine hesabu ni tofauti ila bado ni hesabu. Uingereza walizoea sita, kwa kuwa mara nyingi anayeandika ni mtu mmoja au wawili. Fawlty Towers ina episodi 12 kwa jumla yake, sita za 1975 na sita za 1979, zote kazi ya John Cleese na Connie Booth. Korea Kusini ilizoea 16, mbili kwa wiki kwa wiki nane. Katuni za Japani huja 12 au 13, robo ileile ya mwaka. Uturuki episodi moja hupita saa mbili, na tamthilia huendelea maadamu watazamaji wapo. Ikidorora, inakatwa hapohapo ilipo. Telenovela hazina hata habari ya msimu: hadithi moja, sura zaidi ya mia, karibu kila siku, halafu harusi na kwaheri. Kila mfumo kati ya hii umezaa kazi za kukutoa machozi na takataka za kutisha. Kama nambari ndiyo ingekuwa dawa, mmoja wao angekuwa ameshapona.

Na nane? Ni nambari ya majukwaa ya kulipia kwa mwezi. Wao hawana ratiba ya wiki 52 ya kujaza. Hawategemei kuuza marudio kwa vituo vidogo. Wanachotaka ni sababu mpya ya mtu kutokufuta usajili wake, na majina mapya kumi ya episodi nane yanavutia macho kuliko manne ya ishirini. Kuna na suala la nyota: mwigizaji mkubwa wa filamu atakupa miezi michache, hatakupa tisa. Hata hivyo hawakuanza na nane. House of Cards ya Netflix ilipotoka 2013 ilikuwa na 13, nambari ya kalenda ambayo wao wala hawakuwa nayo kalenda! Waliirithi tu. Tamthilia za Netflix za mashujaa wa Marvel nazo zikapewa 13, Daredevil, Jessica Jones, Luke Cage, na hapo malalamiko kwamba katikati zinalegea yalikuwa ya haki kabisa. Mwaka 2016 ikaja Stranger Things na nane zake, ikapendwa, kila mtu akahitimisha kwamba dawa imepatikana. The Defenders, iliyowakusanya mashujaa haohao wa Marvel, ikapewa nane mwaka uliofuata. Haikupona.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Ni hili neno "kujaza".

Mtazamaji anaita episodi ya kujaza ile ambayo fumbo kuu halikusogea. Muuaji hajatajwa, siri haijafichuka, vita havijaanza, basi tumepotezewa muda. Sielewi nani aliwafundisha watu kutazama hivyo, lakini tuupeleke ushauri huo mpaka mwisho wake. Chukua The X-Files. Ilianza 1993, na kila msimu wake wa zamani ulikuwa na episodi 20 au zaidi: chache za njama kuu ya serikali na wageni wa angani, na nyingi za wiki kwa wiki, kiumbe kimoja, mji mmoja, kwaheri. Kwa kipimo cha "kusogea", hizo nyingi ndizo za kujaza. Haya, zitoe. Unabaki na ile njama, ambayo kadiri miaka ilivyokwenda ilijifunga mafundo mpaka wenyewe wakashindwa kuyafungua. Umetupa ya kumpeleka mtu kitandani na hofu, ukabakiza maelezo. Ile ya 1995 ya mzee muuza bima anayeona kila mtu atakavyokufa haisogezi njama hata kwa inchi moja, na ilimpatia mwandishi wake tuzo ya Emmy na mwigizaji mgeni Emmy nyingine.

Au chukua The Sopranos, episodi ya tano ya msimu wa kwanza, 1999. Tony, jambazi wa mafia, anampeleka binti yake kuangalia vyuo. Njiani anamwona mtu aliyewahi kuwasaliti wenzake kwa polisi na kubadilishiwa jina. Basi ni siku hiyo tu: baba anayejibu maswali ya binti kuhusu kazi yake, na baba huyohuyo anayemnyonga mtu kwa waya, halafu anarudi kumchukua binti kwa wakati. Ugomvi na mjomba, ugomvi na mama, ile minyororo mikubwa ya msimu, imewekwa pembeni. Msimu ule ulikuwa na episodi 13, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kuchepuka. Ungekuwa wa nane, najua kikao kingekwendaje. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Mtu angesema, kwa adabu, "Hii ni nzuri, ila haituletei mjomba." Kadi ingebanduliwa. Na ile ndiyo episodi iliyotufundisha sisi tuliobaki tamthilia ile inahusu nini.

Tuelewane. Sisemi ndefu ni bora. Nimehariri misimu mirefu yenye episodi ambazo kila mtu chumbani alijua ni za kupiga danadana: mhusika anapoteza kumbukumbu, lifti inakwama, pacha anatokea kusikojulikana. Kujaza kupo. Ninachosema ni kwamba kujaza hakukuondoka idadi iliposhuka. Kulihama. Kulitoka kwenye episodi kukaingia ndani ya onyesho, na huko hakuna anayekuona.

Nionyeshe. Mpelelezi anakwenda kumhoji mjane. Kwenye msimu wa episodi 22, episodi moja ina dakika 42 hivi baada ya kutoa matangazo, kwa hiyo onyesho linaanza mpelelezi akiwa tayari amesimama jikoni: "Uliniambia mumeo alilala nyumbani. Jirani anasema gari halikuwepo." Mjane anazima jiko. "Jirani huyo huwa anakunywa kuanzia asubuhi." Mpelelezi: "Nani kakwambia nazungumzia jirani yupi?" Kata. Ukurasa mmoja na robo. Tumejua mjane anadanganya, mjane amejua kwamba tumejua, na mpelelezi ameonyesha ana meno.

Onyesho hilohilo kwenye msimu wa episodi nane, saa nzima kila moja. Gari linaingia barabara ndefu, linapigwa picha kutoka angani. Linasimama. Mpelelezi hatoki, anatazama nyumba. Muziki wa kinanda, noti tatu. Anatoka. Anapanda ngazi. Kengele. Hakuna jibu. Kengele. Mlango unafunguliwa kwa upana wa kiganja. Wanakaa. Kinywaji kinamiminwa, tunaona mvuke. Mpelelezi anatazama picha ya harusi ukutani, anamkumbuka mama yake mzazi, kwa sababu kuna onyesho la utotoni tulilolipia na lazima litumike. Ndipo: "Uliniambia mumeo alilala nyumbani." Kurasa nne na nusu. Tumejua nini zaidi? Kwamba mpelelezi alikuwa na mama.

Weka maonyesho saba ya aina hiyo na saa imejaa. Hakuna atakayeiita episodi ya kujaza, kwa sababu kila dakika inaonekana ghali. Wanaiita hali, wanaiita upweke. Mara nyingine ni kweli ni upweke! Siupigi vita utaratibu wa polepole. Kuna ukimya unaobeba onyesho zima, na kuna waongozaji wanaoweza kukukalisha dakika tatu mbele ya mtu anayekunja nguo ukasahau kupumua. Ila ukimya wa namna hiyo hutokea pale ambapo sisi tunajua jambo ambalo anayekunja nguo halijui, au kinyume chake. Ukimya usio na kitu chini yake ni muda tu, na muda huo huwa umeandikwa kwenye mkataba: saa nane zimeahidiwa, lazima saa nane zifike.

Ndiyo maana ninaposikia mtayarishaji akijigamba kwamba tamthilia yake "si tamthilia, ni filamu ya saa nane", mgongo unanisisimka. Filamu ya saa nane hakuna aliyeiomba. Mara nyingi ilikuwa kweli muswada wa filamu, wa saa mbili kasoro, ukakataliwa na kampuni za filamu, ukavutwa kama mpira. Episodi ina kazi yake: ina swali la kwake, inalikoroga, inalifunga au inalivunja, na mwisho wake una sababu ya kuwa pale ulipo. Kwenye "filamu ya saa nane" episodi zinaishia popote saa inapogonga. Muulize aliyeitazama wiki mbili baadaye nini kilitokea kwenye ya nne. Atakwambia, "Ile ya... subiri... walikuwa wanaendesha gari."

Angalia upande wa pili, Andor, ya ulimwengu wa Star Wars. Misimu miwili, 2022 na 2025, 12 na 12. Waliigawa kwa mafungu, msimu wa pili hasa ni tatu-tatu waziwazi, kila fungu na mahali pake na hatari yake. Haikuwa fupi, na unaweza kuitaja kwa vituo vyake: uporaji, gereza, mazishi. Au Adolescence ya 2025: nne. Kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata, kwa hiyo kila moja ni muda mmoja usiokatika, na ukishachagua hivyo nambari inakuja yenyewe. The Pitt, mwaka huohuo, 15, kwa sababu ni zamu moja ya hospitali na kila episodi ni saa moja ya zamu. Kwenye hizi idadi imezaliwa na umbo. Hata tamthilia iitwayo 24, iliyoanza 2001, ilikuwa hivyo, saa 24 za siku moja, ingawa hapo umbo liliwageuka wenyewe: siku nzima ni ndefu mno kwa njama moja, kwa hiyo kila msimu ulikuwa na adui wa kwanza ambaye kila mtazamaji mzoefu alijua si yeye, maana ndiyo kwanza saa ya saba.

Hivyo nahesabuje mimi? Kwanza nauliza injini ni ya aina gani. Kuna injini inayojilisha: hospitali, shule, kituo cha polisi, mahali ambapo kila wiki mlango unafunguliwa na mtu mwingine anaingia na shida yake. Hiyo inavumilia 22 bila kutoa jasho. Abbott Elementary, kichekesho cha shule, ilipewa 22 kwenye msimu wake wa pili na haikudhurika. Na kuna injini inayoteketea: siri, uhalifu, kisasi. Kila episodi inachoma kuni ambazo haziwezi kurudi. Kwa hiyo ya pili nahesabu migeuko isiyorudi nyuma. Migeuko, sikusema matukio. Kufukuzana kwa magari ni tukio. Mgeuko ni pale ambapo baada yake hakuna mhusika anayeweza kuendelea kuishi kama jana.

Tuseme hadithi ni ya mwanamke ambaye mumewe alitangazwa amekufa, kisha anamwona yu hai. Anamwona: mmoja. Anaamua kutomwambia mtu: wa pili, na huu ni mkubwa kuliko wa kwanza. Mume anajua kwamba ameonekana: wa tatu. Mtoto wao anagundua: wa nne. Mwanamke anamsaidia mume kuendelea kufa, kwa faida yake mwenyewe: wa tano. Anayemdai mume anafika mlangoni: wa sita, na kutoka hapo ni kuangukia mwisho. Sita. Ukiwa mkarimu, saba. Mwandishi aliyeniletea hadithi ya namna hii anataka nane kwa sababu jukwaa linataka nane, na mtu wa fedha angependa kumi, kwa sababu seti ya nyumba ikishajengwa gharama yake inagawanywa kwa episodi nyingi. Basi ubaoni tunachora safu nane. Ya kwanza hadi ya nne zinajaa kadi mpaka zinadondoka. Ya sita, ya saba na ya nane nazo hazina tabu. Ya tano ina kadi moja: "Anakwenda kwa dada yake."

Nawaambia, nikiona kadi hiyo naijua kwa mbali. Kila msimu wa episodi nane ulionyooshwa kutoka sita una episodi ya tano ambamo mtu anakwenda kwa dada yake. Akitoka kwa dada, anakumbuka utoto. Huyo dada hatumwoni tena.

Kingine kinachopotea kwenye ufupi, na sijui kwa nini hakizungumzwi, ni msimu kujifunza kutokana na wenyewe. Kwenye mpango wa zamani unaandika ya kumi na mbili huku ya tatu imeshaonyeshwa. Unaona mwigizaji gani anabeba zaidi ya ulichomwandikia, watu gani wawili wakikaa chumba kimoja hewa inabadilika. Mwigizaji Michael Emerson aliitwa kwenye Lost, tamthilia ya manusura wa ajali ya ndege kisiwani, kwa episodi tatu, mfungwa anayejiita Henry Gale. Waandishi wakaona wanachokiona, akabaki miaka, akawa mhimili wa tamthilia. Mwigizaji Jaleel White alikuja kwenye kichekesho cha Family Matters kama mgeni wa kupita. Mwishowe familia yenyewe ndiyo ikawa mgeni kwake. Siku hizi nane zote zinaandikwa, zinapigwa, zinahaririwa, ndipo mtu wa kwanza wa nje anaziona. Kama Henry Gale yumo ndani, anakufa kwenye ya tatu kama muswada ulivyosema, na hakuna atakayejua tulichokosa.

Mambo ya malipo nayataja tu: mwandishi analipwa kwa episodi, episodi zikipungua huku miezi ya kazi ikibaki ileile, anakula kidogo; na vikundi vidogo vya waandishi vilivyovunjwa kabla upigaji picha haujaanza vimewanyima vijana nafasi ya kuona mstari wao ukitamkwa na mwigizaji. Ni miongoni mwa mambo yaliyogombewa kwenye mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2023, siku 148.

Kinachoua msimu kuliko urefu au ufupi ni kutojua mwisho uko wapi. Lost ilikaa misimu mitatu ikizunguka mbuyu kwa sababu hakuna aliyewaambia waandishi watafunga lini; ndipo tukapewa episodi nzima ya asili ya michoro ya mwilini mwa mhusika mkuu, Jack, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuuliza. Mei 2007 wakakubaliana: episodi 48 zaidi, misimu mitatu, kisha mwisho. Ukitazama msimu wa nne unaona kabisa watu wanaojua wanakokwenda. Twin Peaks ilianza na nane mwaka 1990, injini ya kuteketea, nani alimuua Laura Palmer. Ikapewa 22 kwa msimu wa pili, muuaji akafichuliwa kwenye ya saba. Zilibaki kumi na tano. Hebu fikiria kukaa kwenye chumba kile siku ya pili yake.

Sasa mashaka yangu, maana nimebishana kwa sauti kubwa mno. Hakuna aliyewahi kutengeneza msimu mmoja mara mbili, wa episodi nane na wa episodi 13, kwa waandishi walewale, tukalinganisha. Hatutaweza. Tunayoita misimu mirefu mizuri ni ile iliyookoka. 22 za hovyo ziliondoka na zama zake na hakuna anayezitaja, wakati nane za hovyo bado ziko mbele ya macho yetu. Inawezekana kabisa naitetea zama niliyolelewa nayo. Na kipimo changu pendwa, lile swali la "ukiliondoa onyesho hili, lifuatalo linauma vilevile?", kina tundu ninalolijua. Kuna episodi ya Breaking Bad ya 2010, watu wawili, maabara moja ya dawa za kulevya, nzi mmoja. Ilitengenezwa hivyo kwa sababu fedha zilikuwa zimebana. Kwa kipimo changu, nusu yake inakatwa asubuhi na mapema. Ndani ya nusu hiyo, Walt aliyelewa dawa za usingizi anakaribia kumwambia mshirika wake Jesse alichokiona usiku ule Jane, mpenzi wa Jesse, alipokufa, na hasemi. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekuwa na ujasiri wa kuiacha. Jibu sina hakika nalo, na linanisumbua kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya waandishi wangu.

Pia sina hakika kama watu wanalalamikia idadi, au wanalalamikia pengo. Stranger Things imetoa episodi 42 kuanzia 2016 mpaka 2025. Tamthilia ya 22 kwa mwaka ingefika hapo kabla msimu wa pili haujaisha, na watoto wangekuwa bado watoto. House of the Dragon ilitoa kumi 2022, nane 2024, na kilio kikubwa kilikuwa kwamba msimu umekatika vita vikinukia tu. Ukimpa mtu nane kila mwaka, huenda hata hahesabu. Ukimpa nane baada ya miaka mitatu, anahesabu kwa vidole na anakumbuka kila dakika ya yule anayekwenda kwa dada yake.

Vichekesho vya nusu saa nimevitaja kwa mifano tu, sivichambui leo. Huko sheria zote zinageuka, mtu anarudi kwa ajili ya watu anaowapenda, na wala hajali kama kuna kilichosogea.

Kwa waandishi wanaoniandikia wakiuliza wafanye nini jukwaa likishikilia nane na hadithi ina sita: msibishane juu ya idadi, hamtashinda, imeshaingizwa kwenye jedwali la mtu. Bishaneni juu ya dakika. Majukwaa hayana ratiba ya kituo ya kujaza wala taarifa ya habari ya saa mbili usiku inayosubiri. Hakuna sababu ya kila episodi kufika saa nzima isipokuwa mazoea. Baby Reindeer ya 2024 ina saba, nyingi za nusu saa hivi, na hakuna aliyedai arudishiwe chenji. Episodi nane za dakika 35 ni saa nne na dakika 40. Migeuko sita inaishi humo kwa raha, na safu ya tano ubaoni inapata kadi yake ya kweli badala ya safari ya kwa dada.